COBOL: Lugha ya kompyuta ya mwaka 1959 inayoendesha benki hadi leo, je itadumu mbele ya teknolojia za wavuti?

Aprili 4, 2020, janga la corona likiwa limeshika kasi Marekani, Gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alizungumza na waandishi wa habari na kutoa ombi ambalo wengi hawakulitarajia. Mbali na wahudumu wa afya, alisema, jimbo lake lilihitaji pia watu wa kujitolea wanaojua COBOL.

COBOL ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Vijana wengi wanaotengeneza tovuti na apu za simu hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa lugha hiyo. Wapo ambao hata jina lake hawajalisikia.

Sasa kwa nini jimbo la nchi tajiri lihangaike kutafuta wataalamu wa lugha iliyozaliwa kabla binadamu hajafika mwezini?

Sababu ni kwamba mfumo wa kulipa mafao ya watu waliopoteza ajira ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na uliandikwa kwa COBOL. Ndani ya wiki mbili, zaidi ya wakazi 362,000 wa New Jersey walikuwa wameomba mafao hayo. Nyuma ya kila ombi kulikuwa na mtu anayesubiri hela ya chakula na kodi ya nyumba.

Tukio hilo liliamsha upya mjadala wa siku nyingi: lugha kongwe za biashara kama COBOL zitaendelea kuishi, au zitamezwa na teknolojia za kisasa za wavuti?

COBOL ni nini hasa?

Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya lugha ya pamoja kwa ajili ya shughuli za biashara. Neno "pamoja" ndilo lililobeba uzito.

Miaka ya 1950 kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuzipa amri. Shirika likinunua mashine ya kampuni nyingine, programu zake za mishahara, stoo na madeni zilipaswa kuandikwa upya kuanzia mwanzo. Gharama ilikuwa kubwa, na kazi ilikuwa ya kuchosha.

Mei 28 na 29, 1959, wawakilishi wa serikali ya Marekani, watengenezaji wa kompyuta na watumiaji wakubwa walikutana Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Walikubaliana iundwe lugha moja itakayofanya kazi kwenye mashine za kampuni yoyote.

Kamati iliyoiunda ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC, lugha iliyotengenezwa na timu ya Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Hopper aliamini kuwa watu wa biashara wanaweza kuiagiza kompyuta kwa maneno ya kawaida badala ya alama za hisabati.

Ndiyo maana COBOL imejaa amri za maneno kama ADD, SUBTRACT na MULTIPLY, yaani jumlisha, toa na zidisha. Mhasibu anayejua Kiingereza anaweza kuusoma mstari wa COBOL na akaelewa kinachofanyika, hata kama hajawahi kusomea kompyuta.

Desemba 1960 programu ileile ya COBOL ilifanya kazi kwenye kompyuta mbili za kampuni tofauti, RCA na UNIVAC, kwa mabadiliko madogo tu. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Siri yake ipo kwenye senti

Wengi huidhani COBOL ipo kwa sababu tu watu wamezoea. Si kweli kabisa. Kuna kazi moja inayoifanya vizuri tangu kuzaliwa kwake, nayo ni kuhesabu pesa.

Mfano rahisi. Mtu akiiambia JavaScript, lugha inayotumika kwenye karibu kila tovuti, ijumlishe 0.1 na 0.2, jibu halitakuwa 0.3. Litakuwa 0.30000000000000004.

Hii si hitilafu ya JavaScript peke yake. Kompyuta nyingi huhifadhi namba kwa mfumo wa 0 na 1, na baadhi ya desimali haziwezi kuandikwa kwa ukamilifu kwenye mfumo huo. Ni kama vile 1 ikigawanywa kwa 3 isivyoisha kwenye karatasi: 0.333 na kuendelea.

Kwenye mchezo wa simu, kasoro hiyo haina madhara. Ila kwenye benki inayokokotoa riba ya akaunti milioni kumi kila usiku, vipande vidogo vya senti vinaweza kukusanyika na kuvuruga hesabu.

Kwenye COBOL mwandishi wa programu hutaja tangu mwanzo kwamba namba fulani ina tarakimu ngapi, na ngapi kati yake ziko baada ya nukta. Hesabu ya desimali hufanyika kama anavyoifanya mhasibu kwenye daftari.

Lugha za kisasa nazo zina njia ya kufanya hivyo. Java ina BigDecimal, na Python ina moduli yake ya desimali. Tofauti ni kwamba huko mwandishi lazima akumbuke kuitumia. Kwenye COBOL ni jambo la kawaida tangu siku ya kwanza.

Imeenea kiasi gani?

Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa mistari ya msimbo wa COBOL ipatayo bilioni 220 ilikuwa bado inatumika duniani. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, asilimia 43 ya mifumo ya kibenki ilikuwa imejengwa juu ya COBOL, na asilimia 95 ya miamala ya kadi kwenye ATM iliitegemea kwa namna moja au nyingine.

Mwaka 2022 kampuni ya Micro Focus ilitoa makadirio makubwa zaidi: kati ya mistari bilioni 775 na 850. Msomaji azingatie kuwa kampuni hiyo ilikuwa ikiuza zana za COBOL, hivyo ilikuwa na sababu ya kutaka ionekane kubwa.

Nje ya benki, lugha hii ipo kwenye bima na serikalini. Mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, hutunza kumbukumbu za walipa kodi kwenye mfumo uitwao Individual Master File, ulioanza miaka ya 1960. Umeandikwa kwa COBOL na lugha nyingine kongwe zaidi iitwayo assembly. Jitihada za kuubadilisha zimechukua miaka mingi.

Wavuti ni kaunta, COBOL ni chumba cha nyuma

Mjadala mara nyingi huwekwa kama pambano la ngumi: COBOL kona hii, JavaScript kona ile. Ukweli ni kwamba kwenye benki kubwa nyingi lugha hizi mbili ziko zamu moja.

Mteja anapofungua apu na kutazama salio, anachokiona kwenye kioo kimetengenezwa kwa teknolojia mpya. Rangi, vitufe na picha vyote ni vya kisasa.

Akibonyeza kitufe, ombi linakwenda kwenye seva ya benki. Seva inalipeleka kwenye kompyuta kubwa ya nyuma, zile ambazo wataalamu huziita meinfremu. Hapo programu ya COBOL inatafuta akaunti, inasoma salio na kurudisha jibu. Yote hayo hutokea ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa macho mara chache.

Usiku, wateja wakiwa wamelala, kompyuta hiyohiyo hufanya kazi za mkupuo: kukokotoa riba, kukata makato, kuandaa taarifa za mwezi na kulipa mishahara.

Tovuti ya benki inaweza kubadilishwa sura kila baada ya miaka mitatu na hakuna atakayeumia. Leja haibadilishwi hivyo. Kosa dogo kwenye leja ni pesa ya mtu imepotea.

New Jersey: kilichokwama kilikuwa nini?

Baada ya kauli ya Gavana Murphy, lawama zote ziliangukia COBOL. Magazeti mengi yaliandika kuhusu lugha ya kale iliyowaangusha wananchi.

Ila mwanahistoria wa teknolojia Mar Hicks aliandika mwaka huohuo kuwa picha halisi ilikuwa tofauti. Kwa maelezo yake, sehemu iliyoelemewa huko New Jersey ilikuwa tovuti ya mbele ambayo watu waliitumia kujaza maombi. Tovuti hiyo haikuandikwa kwa COBOL, iliandikwa kwa Java, lugha changa zaidi iliyotoka mwaka 1995.

Hicks alionyesha pia kwamba tatizo kubwa lilikuwa miaka mingi ya kubana bajeti na kuwapunguza watu wanaoitunza mifumo ya umma. Mfumo ukikosa fundi huchakaa, uwe wa 1980 au wa juzi.

Hapo ndipo swali la "lugha ipi itashinda" linapoanza kuyumba. Umri wa lugha peke yake hauelezi kwa nini mtu alichelewa kulipwa.

Mbona wasihamie lugha mpya tu?

Wapo waliohama, na wakafanikiwa. Commonwealth Bank ya Australia ilibadilisha mfumo wake mkuu kwa kushirikiana na kampuni za SAP na Accenture. Kazi hiyo ilichukua miaka mitano na kugharimu zaidi ya dola bilioni moja za Australia.

Wapo pia walioumia. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, ndani ya wikiendi moja.

Taarifa zilihama, lakini mfumo mpya ukagoma. Wateja hadi milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao. Huduma hazikurejea katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka huo, na bosi wa benki, Paul Pester, aliachia ngazi Septemba.

Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Katika mkasa huo lugha ya zamani haikuwa kosa. Kilichoiponza benki kilikuwa jinsi uhamaji wenyewe ulivyopangwa na kusimamiwa.

Ugumu wa kuhama uko hapa: programu ya miaka 40 haina mahesabu tu. Ina maamuzi. Kuna mstari ulioongezwa kwa sababu sheria ya kodi ilibadilika, mwingine kwa sababu ya aina fulani ya mkopo, mwingine kwa sababu ya kesi iliyoamuliwa mahakamani.

Mara nyingi maamuzi hayo hayakuandikwa mahali pengine popote. Aliyeyaandika alistaafu, pengine amefariki. Msimbo wenyewe ndio umebaki kuwa kumbukumbu pekee.

Kwa sababu hiyo taasisi nyingi sasa huchagua kuhama kidogo kidogo. Kipande kimoja kinajengwa upya, kinaendeshwa sambamba na cha zamani, majibu yanalinganishwa hadi senti ya mwisho, kisha ndipo cha zamani kinazimwa. Inachosha, lakini ni salama kuliko kuruka mara moja.

Lugha zipi hufa kweli?

Historia inaonyesha kuwa upya si kinga ya kifo.

Flash iliwahi kutawala wavuti. Video, michezo na matangazo ya mtandaoni viliitegemea. Desemba 31, 2020, kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia, na ikawa imeondoka.

Visual Basic 6 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1998, ilitumika kutengeneza programu nyingi za maofisini. Microsoft ilikoma kuihudumia mwaka 2008. Visual FoxPro, iliyopendwa kwa programu za stoo na mauzo, nayo ilifikia mwisho wa huduma mwaka 2015.

Zote tatu zilikuwa na kitu kimoja kinachofanana: mmiliki mmoja. Mmiliki alipochoka, safari ikaishia hapo.

COBOL haiko hivyo. Ni lugha yenye viwango vya kimataifa, na toleo jipya la viwango hivyo lilichapishwa mwaka 2023. IBM inatengeneza zana zake, kampuni nyingine zina za kwao, na ipo GnuCOBOL ambayo ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuipakua.

Kwa hiyo anayetaka kukisia kama teknolojia fulani itadumu anaweza kuuliza maswali matatu. Je, inamilikiwa na kampuni moja? Imebeba kitu ambacho ni hatari kukisimamisha? Na je, wapo watu wanaofundishwa kuitunza?

Kwa maswali mawili ya kwanza, COBOL iko vizuri. La tatu ndilo linaloitia mashaka.

Wazee wanaondoka

COBOL ilifundishwa sana vyuoni miaka ya 1970 na 1980. Hata wakati huo wasomi wengi hawakuipenda. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mwanasayansi maarufu wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliandika kwa ukali kuwa kuifundisha kunapaswa kuhesabiwa kama kosa la jinai.

Baadaye vyuo vingi vikaiacha na kuhamia Java na Python. Matokeo yake, wanaoijua vizuri wengi ni watu wa makamo kwenda juu, na kila mwaka wengine wanastaafu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wengi wao waliitwa kazini kurekebisha tatizo la mwaka 2000. Programu za zamani zilikuwa zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili, mfano 75 badala ya 1975, ili kuokoa nafasi iliyokuwa ghali. Ilihofiwa kuwa 00 ingesomwa kama 1900. Mashirika mengi yalilipia matengenezo badala ya kuandika upya, na COBOL ikavuka karne.

Huko Texas ipo hata kampuni iitwayo COBOL Cowboys, inayowakusanya wataalamu wakongwe na kuwapeleka kwa wateja wenye mifumo iliyokwama. Wazo la kibiashara ni zuri, ila haliwezi kudumu milele. Mstaafu wa leo hatakuwepo miaka 20 ijayo.

Akili mnemba italeta suluhisho?

Agosti 2023 IBM ilitangaza zana ya akili mnemba inayosaidia kugeuza msimbo wa COBOL kuwa Java. Tangu hapo kampuni nyingi zimeingia kwenye kazi hiyo.

Zana hizi zina msaada wa kweli. Zinaweza kusoma maelfu ya mistari, kueleza kwa lugha nyepesi kinachofanyika, na kupendekeza msimbo mpya.

Lakini kutafsiri mstari ni jambo moja, na kujua kwa nini mstari huo uliwekwa ni jambo jingine. Programu ikimkata mteja asilimia fulani, akili mnemba inaweza kueleza hesabu ilivyo. Kama makato hayo yalikuwa sheria, makubaliano au kosa la mwaka 1987, lazima mtu athibitishe. Na baada ya tafsiri, majaribio ya kulinganisha majibu yanabaki palepale.

Na Afrika Mashariki je?

Mifumo mingi ya fedha inayotumiwa na watu wa kawaida Afrika Mashariki ni michanga. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, miongo mingi baada ya COBOL kuota mizizi Marekani na Ulaya.

Hiyo haimaanishi kwamba ukanda huu hauhusiki. Benki kadhaa za hapa zimetumia T24, mfumo wa kampuni ya Uswisi iitwayo Temenos. Chimbuko la mfumo huo ni bidhaa ya miaka ya 1980 iliyoitwa GLOBUS, na sehemu kubwa ya kanuni zake za kibiashara iliandikwa kwa lugha ya ukoo wa BASIC, nayo kongwe.

Temenos haikuutupa msimbo huo. Ilitengeneza msingi mpya unaougeuza ufanye kazi juu ya Java. Mteja akiwa Nairobi au Dar es Salaam haoni tofauti, ila ndani yake kanuni za zamani zinaendelea kuishi zikiwa na nguo mpya.

Hata kwenye simu hali inafanana. Apu za pesa zimekuja, lakini mamilioni bado wanabonyeza *150*00# au *334#, kwa sababu menyu hizo zinafanya kazi kwenye kitochi na hazihitaji bando. Kitu kinachofanya kazi na kuaminiwa hakiondoki kirahisi.

Kuna onyo pia. Mfumo unaoandikwa leo kwa JavaScript na kijana wa miaka 24 kwa ajili ya SACCOS au duka la mtandaoni unaweza kuwa bado unatumika mwaka 2050. Asipoacha maelezo ya kwa nini aliamua hivi na si vile, atakuwa ameacha tatizo lilelile la New Jersey, kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo itadumu au haitadumu?

Kwa kazi mpya, COBOL imeshapitwa. Ni nadra kukuta kampuni changa ikianzisha huduma kwa lugha hiyo, na hakuna dalili kwamba hilo litabadilika.

Kwa kazi iliyopo, itaendelea kuwepo kwa miaka mingi. Itapungua taratibu, kipande kwa kipande, kadiri benki na serikali zinavyopata pesa, muda na ujasiri wa kuhamisha. Teknolojia za wavuti hazitaiua kwa kuishinda kwa urembo, maana hazigombei nafasi moja.

Kwa kijana anayejiuliza kama aisome, jibu linategemea lengo lake. Anayetaka kazi ya haraka ya kutengeneza tovuti na apu aanze na JavaScript, Python au Java, hapo ndipo nafasi zilipo nyingi.

Anayevutiwa na mifumo ya benki na bima anaweza kuongeza COBOL baadaye. Aprili 2020 mradi wa Open Mainframe, ulio chini ya Linux Foundation, ulitoa mafunzo yake bure mtandaoni, na kwa mazoezi GnuCOBOL inatosha kwenye kompyuta ya kawaida.

Asiishie kwenye amri za lugha. Ajifunze pia riba inakokotolewaje, leja inafungwaje, na mkopo uliochelewa unaingizwaje kwenye vitabu. Mfumo ukihama kutoka COBOL kwenda Java, atakayehitajika pande zote mbili ni yule anayejua hesabu hiyo inatakiwa kutoa jibu gani.